Madai ya Kurejeshewa Malipo ya Usajili: Aina Zake na Namna Yanavyoshughulikiwa

Dai la kurejeshewa malipo ni ombi la mlipaji kurudishiwa fedha alizokwisha kulipia usajili, mathalani wa jarida linalotumwa kwa barua pepe. Ni tofauti na kujitoa: anayejitoa huzuia malipo yajayo, anayedai hutaka yaliyopita yafutwe. Nchini Tanzania madai haya hufuata njia ya malipo, ama pesa za simu ama kadi.

Pesa za simu hutumwa na mlipaji mwenyewe. Mkulima wa kabichi wa Kifungilo, milimani Lushoto, anayelipia taarifa za bei za sokoni huingiza lipa namba na kiasi, huona jina la mpokeaji, ndipo huweka namba ya siri. Kwa hiyo madai mengi ya njia hii ni ya makosa: tarakimu imekosewa, kiasi kimezidi, au muamala umerudiwa baada ya mtandao kukwama. Tiba yake ni kurudisha muamala. Kampuni ya simu hukizuia kiasi hicho kikiwa bado kwenye salio la mpokeaji; kikishatolewa kwa wakala, kukipata ni kazi nyingine, na huenda ikafika polisi. Ushahidi mkuu ni ujumbe wa uthibitisho, wenye namba ya muamala, kiasi, jina la mpokeaji, tarehe na saa. Haufai kufutwa kabla usajili haujaanza kufanya kazi. Huduma hizi husimamiwa na Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015.

Malipo ya kadi hukatwa na mchapishaji, na yanaweza kujirudia kila mwezi bila mlipaji kugusa chochote. Ndiyo maana kadi ina kinga nzito zaidi, yaani pingamizi la malipo, ambalo kwa Marekani lina mizizi katika sheria ya 1974 kuhusu makosa ya ankara za mikopo. Mwenye kadi hulalamika kwa benki yake. Mzigo wa kuthibitisha humwangukia mchapishaji. Tangu 2018 Visa huyapanga mapingamizi katika makundi manne: udanganyifu, idhini, makosa ya uchakataji na malalamiko ya mteja. Usajili uliositishwa lakini ukaendelea kukatwa huingia kundi la nne, na muda wa kulalamika kwa kawaida ni siku 120.

Ndani ya kundi la udanganyifu hujificha madai yasiyo ya wizi: msomaji ameona kwenye taarifa ya benki jina la kampuni asilolitambua. Hili huzuilika kwa kuandika hapo jina la jarida lenyewe.

Mchapishaji hurejesha kwa hiari, hukubali pingamizi, au hulipinga. Kwa usajili wa bei ndogo kurejesha mapema ndiko bora, kwa kuwa ada ya pingamizi huweza kuzidi bei ya mwezi mzima. Anayepinga huwasilisha tarehe ya kujisajili, masharti yaliyokubaliwa na kumbukumbu za matoleo yaliyotumwa. Marejesho hupitishwa kwenye kadi ileile iliyolipa; yakitumwa kwa simu huku pingamizi likiwa bado wazi benki, mchapishaji huenda akalipa mara mbili.