Wasomaji wa Njia ya Tabora

Usoke ni stesheni ndogo ya reli ya kati, magharibi ya Tabora, katika wilaya ya Urambo. Treni itokayo Kigoma hupita hapo kabla ya kuingia Tabora. Msafiri huona nyumba chache, kisha miombo, kisha miombo tena. Kwa mpenzi wa ushairi aliyelelewa pwani, jina hilo halimkumbushi utungo wowote. Lakini katika miaka ya 1930 kijana wa Ujiji aliyebahatika kuchaguliwa kuendelea na masomo hakuwa na njia ya kufikia shule kubwa ya serikali ya Tabora ila hiyo ya reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mmoja katika vijana waliotoka upande huo ni Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji wa mwaka 1924, yule ambaye baadaye aliwaandikia washairi wa Kiswahili sheria zao. Na kutoka kaskazini, kwa reli ya Mwanza, alikuja Kambarage, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyeingia shuleni hapo mwaka 1937 na kutoka mwaka 1942. Vijana wawili, shule moja, na kila mmoja akaja kuwa msomaji wa namna yake.

Njia yenyewe ilikwisha kuzoea watu wanaotembea na maneno. Kabla ya reli, misafara iliyoanzia Bagamoyo, ng'ambo ya Unguja, ilifika Unyanyembe ikapumzika, ndipo ikagawanyika kuelekea Karagwe au Ujiji. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alikuwa na baba yake Ituru, karibu na Tabora, na habari za bara hilo zimejaa katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Nako Kwihara, mwendo mfupi kutoka Tabora, mwanzoni mwa mwaka 1872 walikaa nyumba moja wageni wawili, Livingstone na Stanley. Ushahidi wa Stanley ni kwamba mwenzake aliweza kughani kwa moyo mashairi mazima ya Byron, Burns, Tennyson na Longfellow. Livingstone naye aliandika katika shajara yake kwamba alipokuwa Manyema aliisoma Biblia yote mara nne. Mtu aliyekwama porini, dawa zimemwishia na barua hazimfikii, hujiwekea hesabu ya namna hiyo ili siku zipite. Stanley alipoondoka mwezi wa Machi, mzee yule alibaki Kwihara hadi Agosti akiwasubiri wapagazi, na msomaji aliyewahi kuagana na rafiki aliyezungumza naye vitabu anaweza kuikisia hali ya miezi ile mitano.

Shule ya Tabora, iliyoanzishwa na Waingereza katika miaka ya 1920 kwa kuwalenga hasa wana wa watawala wa jadi, ilikuwa jambo jingine kabisa. Ilikuwa na mabweni, viranja, midahalo na vitabu vya Kiingereza. Ilikusudia kutoa makarani na watemi wanaojua kutii. Kambarage alishiriki sana katika midahalo, na kutoka hapo akaenda Makerere, Uganda, mwaka 1943. Mwezi Desemba mwaka huohuo alibatizwa akaitwa Julius.

Huko Makerere ndiko alikokutana na kitabu ambacho athari yake ilidumu. John Stuart Mill alikitoa mwaka 1869 juu ya kutiishwa kwa wanawake, akiwakusudia wake na mabinti wa Uingereza ya enzi ya Malkia Victoria. Kimesomwa na watu wengi mno, na wengi wao, bila shaka, wamekisoma kama habari za watu wa mbali. Kijana wa Butiama alikisoma akamwona mama yake. Baba yake, aliyefariki mwaka 1942, alikuwa na wake 22. Mugaya wa Nyang'ombe, mama yake Kambarage, alikuwa wa tano. Mwana alijua nani aliyelima, nani aliyebeba maji, na nani aliyekaa akipokea heshima ya jasho hilo. Akaiandika insha yake kwa Kiingereza, akaupima ukoo wake kwa mizani ya Mill, akaipeleka kwenye shindano la uandishi, na ikashinda tuzo.

Ni rahisi kuisimulia habari hii kama ya kijana hodari aliyeshinda shindano, na wengi ndivyo wanavyoisimulia. Uzito wake uko kwingine. Mwana wa mtemi aliitoa hadharani siri ya ua wa baba yake mbele ya waamuzi ambao baadhi yao hawakuhitaji kushawishiwa kwamba mila za Waafrika ni mbovu. Hatari ya kupigiwa makofi kwa sababu isiyo yenyewe ilikuwapo, na tuzo yoyote itolewayo na mtawala huwa nayo. Pamoja na hayo, hoja ilikuwa ya kweli, na mama alikuwa wa kweli. Mwenyewe alikuja kueleza, alipokuwa Rais, kwamba ni kwa kuiandika insha ile ndipo alipoanza kuitazama hali ya wanawake wa jamii yake kwa jicho jipya. Maandishi yake ya ujanani kuhusu uhuru wa wanawake yalichapishwa Dar es Salaam kama kitabu baada ya kifo chake. Kwa hiyo wanawake aliowatetea walisubiri zaidi ya nusu karne kabla ya kuyapata mkononi.

Makerere pia alipata rafiki wa kusoma naye. Andrew Tibandebage alikuwa Mtanganyika mwenzake, na pamoja na Hamza Mwapachu waliunda chama cha kuwasaidia wanafunzi wachache waliotoka Tanganyika. Baadaye wawili hao, Nyerere na Tibandebage, walijikuta ni walimu wa shule moja, St. Mary's ya Wamisionari Weupe, palepale Tabora. Nyerere alikuwa ameitwa pia na shule ya serikali aliyosoma, kwa mshahara mkubwa zaidi, akakataa. Alifundisha St. Mary's tangu 1946 hadi 1949.

Kiswahili hakitenganishi kusoma kitabu na kwenda shule, wala kusoma chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani. Vyote ni kusoma. Katika miaka hiyo mitatu ya Tabora neno hilo lilibeba maana zake zote kwa pamoja. Mchana Nyerere alisomesha Biolojia. Baada ya saa za kazi aliwafundisha Kiingereza bila malipo watu wazima wa mji. Zaidi ya hapo alikuwa na lengo lake binafsi: Padri Richard Walsh, mkuu wa shule, alimhimiza ajiandae kwa mtihani wa kuingilia Chuo Kikuu cha London, na Januari 1948 akaufaulu kwa daraja la pili. Alipoomba mara ya kwanza fedha za kwenda kusoma Uingereza hakupata. Alipoomba tena alipata. Aliyewahi kusoma usiku kwa ajili ya mtihani huku asubuhi ana darasa la watoto wa wengine anajua lengo la namna hiyo linadai nini.

Na mazungumzo ya marafiki hayakuishia kwenye kurasa. Tawi la Tabora la chama cha TAA lilifungua duka la ushirika la sukari, unga na sabuni. Nyerere na Tibandebage waliishughulikia katiba ya chama, wakaandaa upinzani dhidi ya mpango wa serikali wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Kwa muda Nyerere alikuwa mkaguzi wa bei, akaiacha kazi hiyo alipoona taarifa zake juu ya wafanyabiashara wadanganyifu hazifuatiliwi. Siku moja alisimama katika mdahalo dhidi ya walimu wawili wa ile shule ya serikali. Hoja ilikuwa kwamba Mwafrika amefaidika kuliko Mzungu tangu Afrika igawanywe. Aliipinga akashinda, na zawadi yake ikawa ni kupigwa marufuku kukanyaga tena shuleni hapo. Kati ya tuzo ya Makerere na marufuku ya Tabora, hii ya pili ndiyo iliyomtambua vizuri zaidi. Wakati huohuo, upande wa Usoke na Urambo, serikali ya Uingereza ilikuwa ikiangusha misitu kwa matrekta ili kupanda karanga, mradi ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951.

Lakini insha ilikuwa na deni jingine, nalo lilimfuata mpaka mlangoni. Kwa desturi ya kwao Nyerere alikuwa ameshaposewa mke, na binti huyo alipelekwa kwake Tabora ili apate elimu ya msingi. Mshindi wa tuzo ya uhuru wa wanawake alikuwa sasa na mwanamke aliyechaguliwa na wazee, si yeye wala binti mwenyewe. Hakumwoa. Alimpeleka akaishi kwa mama yake, na Krismasi ya 1948 yeye na Maria Gabriel, mwalimu wa shule ya msingi ya Nyegina, Musoma, wakakubaliana kuoana. Uamuzi huo ulilingana na insha. Hata hivyo insha haina mahali pa kuandikia aibu ya binti aliyerudishwa. Mill hakuyafikiria hayo, na Mill hakuwa na mahari ya ng'ombe iliyokwisha kutolewa.

Mwaka 1949 Nyerere alikwenda Edinburgh, akarudi mwaka 1952 na shahada. Kaluta Amri Abedi alikuwa ameshika njia nyingine. Yeye alisoma Kurani na Kiarabu, akawa mhubiri wa jumuiya ya Ahmadiyya, akashiriki katika tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ya mwaka 1953, ambayo masheikh wa pwani waliipinga vikali. Mwaka uliofuata akatoa *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Hakuna haja ya kumweleza msomaji wa ukanda huu kitabu hicho ni nini. Kila aliyewahi kuhesabu mizani kwa vidole, au kuambiwa na mwalimu kwamba beti zake ni guni, amepita chini ya mkono wa Amri Abedi. Ajabu ni kwamba sheria za ushairi uliozaliwa Lamu, Mombasa, Pemba na Unguja ziliandikwa na mtu wa Ujiji aliyesomea Tabora. Kiswahili kilichokwenda bara kwa misafara kilirudi pwani na kitabu cha kanuni mkononi, na si wote waliofurahi.

Kisha mwaka 1963, Amri Abedi akiwa Waziri wa Sheria, jina lenye utani wake, mwenzake wa shule ambaye sasa ni Rais akatoa tafsiri ya *Julius Caesar*, tamthilia ya Shakespeare. Imo katika mistari ya kishairi isiyokuwa na vina. Kwa kanuni za Diwani ya Amri, huo si ushairi. Miaka kumi na zaidi kabla ya Kezilahabi kutoa *Kichomi* mwaka 1974 na wahakiki kugawanyika makundi mawili, Ikulu ilikuwa imeshavunja sheria. Wala Nyerere hakuacha: mwaka 1969 aliirekebisha tafsiri hiyo, akaongeza *Mabepari wa Venisi*. Wanaosema mashairi huru yaliletwa na wanachuo wa miaka ya sabini wangefanya vyema kuanza hesabu yao mapema zaidi.

Kuna linalosikitisha kidogo katika orodha hiyo. Nyerere aliwageuza kwa Kiswahili Brutus, Antony na Shylock. Mill, aliyemfungua macho juu ya mama yake, hakumtafsiri. Wanawake wa Butiama na wa Usoke walipata maneno ya Portia kabla ya kupata hoja iliyoandikwa kwa ajili yao. Pengine jukwaa lilimvuta kuliko falsafa. Pengine pia mtawala mwenye siku zilizojaa hupumzika vizuri zaidi kwa kupima mistari kuliko kwa kupima hoja.

Tangu Aprili 13, 2023, siku ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwake, Tanzania inatoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na kazi zinazoshindanishwa ni za Kiswahili. Kijana aliyeshinda kwa Kiingereza amekuwa jina la tuzo ya lugha aliyohamia baadaye. Mwenyewe, uzeeni, baada ya kuacha uongozi, aliikalia kazi ndefu kuliko zote alizozifanya kwa kalamu: kuzitia Injili nne na Matendo ya Mitume katika utenzi. Zilichapishwa mwaka 1996 na Wabenediktini wa kusini mwa Tanzania. Hapo hakuna mistari huru. Vina vimerudi, mizani imerudi, na mtafsiri wa Kaizari amekaa kwa utulivu chini ya sheria za mwenzake wa Tabora. Kaluta Amri Abedi hakuwapo kuzihesabu. Alikuwa amefariki Oktoba 1964, akiwa na umri wa miaka 40 hivi.