Kipimo cha damu na akiba ya mayai ya mwanamke: Kinachosema na kisichosema

MWANAMKE wa Kililana anayetaka kupimwa homoni za uzazi hupanga safari kabla ya kupanga kipimo. Kililana iko upande wa bara wa Kaunti ya Lamu, katika eneo la bandari mpya ambayo gati lake la kwanza lilizinduliwa Mei 2021. Kutoka huko msafiri hufika Mokowe, akapanda boti hadi kisiwa cha Amu, ndipo aifikie Hospitali ya King Fahd. Ikiwa kipimo kinachotakiwa hakifanyiki kisiwani, damu yake hupelekwa, au mwenyewe husafiri, hadi Mombasa au Nairobi.

Safari hiyo ina gharama zake: nauli, siku za kazi zinazopotea, na aghalabu maneno ya watu. Mimba inapokawia, wa kwanza kutazamwa ni mke. Hupewa dawa za majani, huandikiwa kombe, na mara nyingine huanza kusikia habari za mke mwenza. Ndiyo maana ni muhimu kujua, kabla ya mkono kutiwa sindano, vipimo hivi hupima nini hasa. Hukadiria kiasi cha mayai kilichobaki na kuonyesha jinsi ovari zinavyofanya kazi. Peke yake haviwezi kumwambia mwanamke kwamba atazaa au hatazaa.

Akiba ya mayai ni nini

Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni moja na milioni mbili. Anapobaleghe huwa yamebaki takriban 300,000 hadi 400,000. Katika maisha yake yote, yanayopevuka na kutoka kwenye ovari ni kama 400 au 500 tu. Mengine hufa yenyewe mwezi baada ya mwezi, awe ameolewa au hajaolewa, awe amezaa au hajazaa. Upungufu huu huongezeka kasi baada ya umri wa miaka 35, na wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55.

Mayai yaliyobaki ndiyo yanayoitwa akiba ya ovari. Hakuna chombo kinachoweza kuyahesabu moja moja katika mwili wa mtu aliye hai. Madaktari huyakadiria kwa njia mbili: kwa ultrasaundi, ambapo vifuko vidogo vya mayai huonekana na kuhesabiwa, na kwa homoni zilizomo katika damu.

Homoni zinazopimwa

Inayotajwa zaidi siku hizi ni AMH. Hutolewa na chembe zinazozunguka mayai katika vifuko vidogo vya ovari; vifuko vikiwa vingi, homoni hiyo huwa nyingi, na vikipungua nayo hupungua. Kuwapo kwake kulidhihirishwa katika miaka ya 1940 na mtafiti Mfaransa Alfred Jost, aliyekuwa akichunguza jinsi viungo vya uzazi vya kiume na vya kike vinavyotofautiana tumboni mwa mama. Matumizi yake katika kukadiria akiba ya mayai yalikuja miongo mingi baadaye. AMH haibadiliki sana ndani ya mwezi, hivyo inaweza kupimwa siku yoyote, wala haihitaji mtu kukaa na njaa.

FSH hutoka katika tezi ya pituitari, chini ya ubongo, na kazi yake ni kuziamrisha ovari zikuze mayai. Ovari zinapochoka, tezi hiyo huongeza sauti, na kiwango cha FSH hupanda. Kiwango kinachozidi uniti 10 kwa lita mwanzoni mwa hedhi huweza kuashiria akiba iliyopungua. Lakini FSH hupanda na kushuka kutoka mwezi mmoja hadi mwingine, na jibu zuri la mara moja halitoshi kumwondolea mtu shaka. Hupimwa pamoja na estradioli, kwa kuwa estradioli ikiwa juu mapema mno huishusha FSH na kuficha udhaifu wa ovari.

Projesteroni huonyesha kama yai limetoka mwezi huo. Kiwango kinachozidi nanogramu 3 kwa mililita ni ushahidi kwamba limetoka. Prolaktini, ambayo ni homoni ya maziwa, na TSH, inayohusu tezi ya thairoidi, hupimwa hasa pale ambapo hedhi imevurugika, kwa sababu kasoro katika mojawapo yaweza kuzuia yai lisitoke. Kasoro hizo mara nyingi hutibika kwa vidonge.

Hesabu ya siku

Isipokuwa AMH, prolaktini na TSH, vipimo hivi hufuata siku za hedhi. FSH na estradioli hupimwa siku ya pili hadi ya nne, na siku ya kwanza ni ile ambayo damu kamili imeanza kutoka, si matone. Projesteroni hupimwa wiki moja kabla ya hedhi inayotarajiwa: siku ya 21 kwa mwenye mzunguko wa siku 28, na siku ya 28 kwa mwenye mzunguko wa siku 35. Anayepimwa siku ya 21 ilhali mzunguko wake ni mrefu huweza kuambiwa kuwa yai halijatoka, kumbe lilikuwa bado njiani.

Kwa wanawake wa Lamu hesabu hii si ngeni. Wengi wao tangu kubaleghe wamekuwa wakihesabu siku za hedhi na za tohara kwa ajili ya sala na saumu. Hesabu hiyo hiyo, ikiandikwa kwenye daftari kwa miezi mitatu, humfaa daktari na humwepusha mwenyewe na kuvuka maji kwa siku isiyofaa.

Namba husomwa vipi

Maabara hazitumii kipimo kimoja. Nyingine huandika AMH kwa nanogramu kwa mililita, nyingine kwa pikomoli kwa lita, na nanogramu moja ni sawa na pikomoli 7.14. Anayesoma 7 katika karatasi bila kutazama kipimo anaweza kufurahi au kuhuzunika bure. Wataalamu wa uzazi wa Ulaya, katika maafikiano ya Bologna yaliyochapishwa mwaka 2011, waliweka AMH iliyo chini ya nanogramu 0.5 hadi 1.1 kuwa dalili mojawapo kwamba ovari huenda zikatoa mayai machache hata zikichochewa kwa dawa.

Vidonge vya kupanga uzazi huweza kuishusha AMH kwa muda. Vidonge vya biotini, vinavyouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, huweza kuvuruga mitambo ya maabara. Damu iliyokaa muda mrefu katika joto kabla ya kutenganishwa huweza kutoa jibu lisilo sahihi, jambo lenye uzito kwa sampuli inayosafirishwa kutoka visiwani. Anayetumia sindano ya miezi mitatu ajue pia kwamba uwezo wa kushika mimba huweza kukawia miezi kadhaa, hata kukaribia mwaka, baada ya sindano ya mwisho. Ucheleweshaji huo hauna maana kwamba mayai yamekwisha.

Vilevile AMH kubwa sana si lazima iwe habari njema. Huonekana kwa wanawake wengi wenye ovari zenye vifuko vingi visivyopevuka, ambao hedhi zao huja kwa nadra, ingawa mayai wanayo tele.

Kisichoonekana katika damu

Mwaka 2017 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha uchunguzi wa wanawake 750 wenye umri wa miaka 30 hadi 44, wasiokuwa na historia ya ugumba, waliokuwa wakijaribu kupata mimba. Wenye AMH ndogo walishika mimba sawasawa na wenzao. Sababu si ngumu: mimba huhitaji yai moja lililo zima, na uzima wa yai hutegemea zaidi umri wa mwanamke kuliko wingi wa mayai yaliyobaki. Kutokana na matokeo ya namna hiyo, mwaka 2019 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilishauri kwamba AMH isitumiwe kuwatabiria uzazi wanawake wasio na tatizo. Faida yake kubwa iko katika matibabu, hasa ya kutungisha mimba nje ya mwili, ambayo nchini Kenya yalizaa watoto wa kwanza jijini Nairobi mwaka 2006. Humsaidia daktari kupanga kipimo cha dawa na kukadiria idadi ya mayai atakayovuna.

Damu haionyeshi pia mirija ya uzazi iliyoziba. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika nchi 25 mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulionyesha kuwa tatizo la mirija lilikuwa kubwa zaidi Afrika kuliko kwingineko. Chanzo chake mara nyingi ni kisonono, klamidia, au maambukizi baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Mirija huchunguzwa kwa eksirei maalumu yenye dawa, na mwanamke mwenye homoni nzuri kabisa aweza kuwa nayo imefungwa.

Zaidi ya yote, damu ya mke haisemi lolote kuhusu mume. Katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo la uzazi, mume ana sehemu yake. Kipimo cha manii ni cha bei nafuu kulingana na vingi vya vile vinavyofanywa kwa mke. Mume hutakiwa ajizuie kwa siku mbili hadi saba, na sampuli ifike maabara ndani ya saa moja. Kwa anayetoka Kililana ni afadhali aitoe hospitalini kuliko kuivusha kwa boti.

Nani apimwe, na lini

Shirika la Afya Duniani hulihesabu tatizo kuwa ugumba baada ya miezi 12 ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga, na katika ripoti yake ya mwaka 2023 lilikadiria kwamba humpata mtu mmoja kati ya sita katika maisha yake. Mwanamke aliyefikisha miaka 35 hushauriwa amwone daktari baada ya miezi sita. Aliyepita miaka 40, ambaye hedhi yake imepotea, aliyepasuliwa ovari au anayekaribia kutibiwa saratani hana haja ya kungoja.

Utaratibu unaopunguza gharama ni kuanza na daftari la hedhi na maelezo ya wote wawili, kisha manii ya mume na homoni chache za mke kwa siku zake, halafu mirija, na AMH pale ambapo jibu lake litabadilisha matibabu. Karatasi yenye namba ndogo haitoshi kumwita mwanamke tasa, wala haitoshi kuvunja ndoa ambayo mume wake hajapimwa.