Malaria ya milimani na ubishi kuhusu joto la Kericho

Nyamarambe, mji ulioko Gucha Kusini katika Kaunti ya Kisii, uko pale ambapo milima ya Abagusii huanza kuteremka kuelekea Migori na Homa Bay. Kule chini malaria haikatiki, na watu wazima wengi wamejijengea kinga ya kiasi fulani. Huku juu huzuka ghafla, mvua inapozidi na baridi kupungua, ikawakuta wakubwa kwa wadogo hawana kinga. Mlipuko wa mwaka 2002 uliikumba Gucha, Kisii na wilaya nyinginezo za nyanda za juu za magharibi.

Mwaka huo huo chanzo cha kurejea kwa malaria milimani kilizusha ubishi mkali miongoni mwa wanasayansi. Lililobishaniwa halikuwa iwapo dunia inapata joto. Jopo la IPCC, lililoundwa mwaka 1988 na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake Nairobi, lilikuwa limeeleza mwaka 2001 kwamba sehemu kubwa ya ongezeko la joto la miaka 50 iliyotangulia yaelekea ilitokana na gesi zinazozalishwa na binadamu. Ripoti ya mwaka 2021 iliondoa hata hilo "yaelekea". Swali lilikuwa jingine: je, joto hilo ndilo lililoipandisha malaria milimani?

Dhana yenyewe ina mantiki. Vimelea vya malaria hatari zaidi, Plasmodium falciparum, hukua kwa shida mno ndani ya mbu joto linaposhuka chini ya nyuzi 18 hivi. Mahali ambapo wastani wa joto unakaribia kiwango hicho, ongezeko dogo tu huleta tofauti kubwa.

Hata hivyo, mwaka 2002 Simon Hay na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba kumbukumbu za Kericho, za Kabale nchini Uganda, na za vituo viwili vya Rwanda na Burundi hazikuonyesha mabadiliko ya joto yenye uzito. Vidole vikaelekezwa kwingine, hasa kwenye usugu wa vimelea dhidi ya klorokwini, dawa ambayo Kenya iliiacha kama tiba ya kwanza mwaka 1998. Wala malaria ya milimani si jambo geni: Garnham aliandika mwaka 1945 kuhusu milipuko katika miinuko ya juu mno nchini Kenya.

Wapinzani walijibu kwamba takwimu zilizotumika zilikuwa makadirio yaliyotandazwa kutoka vituo vya mbali, ilhali milimani bonde moja huwa na hali yake na jingine yake. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake walivipima upya vituo vile vile kwa takwimu zilizofika mwaka 2002, wakaona joto limepanda. Kisha mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake walichambua vipimo halisi vya Kericho, vilivyokaguliwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, vya tangu mwaka 1979 hadi 2009. Joto lilikuwa limepanda kwa takriban nyuzi 0.2 kila mwongo.

Ubishi kuhusu joto la Kericho ukapoa. Sehemu ya joto katika maradhi yenyewe haikuamuliwa kwa urahisi huo, kwani baada ya mwaka 2006, vyandarua vilipogawanywa kwa wingi na dawa mseto kuanza kutumika, malaria ilipungua katika maeneo mengi ya milimani huku joto likiendelea kupanda.

Kuna waliolichukua shaka hilo kuhusu malaria wakalifanya shaka kuhusu tabianchi yote. Hapo walichanganya mambo mawili. Paul Reiter wa Taasisi ya Pasteur, aliyeikosoa IPCC mbele ya kamati ya Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 2005, alikuwa na hoja nzito kuhusu mbu. Hoja za mbu hazipimi hewa.

Kwa mkazi wa Nyamarambe, jibu huamua fedha za umma ziende wapi. Tatizo likiwa dawa, hubadilishwa dawa. Likiwa joto na mvua, kunahitajika tahadhari ya mapema, kama ile ambayo Andrew Githeko wa taasisi ya KEMRI alionyesha mwaka 2001 kuwa yawezekana: kutumia vipimo vya joto na mvua kutabiri mlipuko, ili dawa na wapulizaji wafike kabla ya wagonjwa kujaa wadini.