Kazi Iliisha Siku ya Harusi

Wasee, chekini hii. Mwaka wa 1945 Rosemary Lowe, msichana wa miaka 24 kutoka Uingereza, alitumwa Ziwa Nyasa kuchunguza tilapia. Mwaka wa 1948 akaingia kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki, Jinja. Tilapia wa Ziwa Jipe, pale Taita Taveta mpakani na Tanzania, ni yeye alimtambulisha kwa sayansi, 1955.

Lakini wakati huo alikuwa ashatoka kazini. Alikosea nini? Aliolewa, 1953. Sheria ya wakoloni ilisema mwanamke akiolewa, ajiuzulu. Mwanaume akioa? Anarudi kazini Jumatatu kama kawaida.

Rosemary hakuacha samaki. Aliendelea kuchunguza na kuandika, na kitabu chake cha 1975 kuhusu samaki wa maji baridi ya tropiki bado kinasomwa. Medali ya Linnean Society ya London ilimfikia 1997, miaka 44 baada ya harusi. Alifariki 2014.

Sawa, medali alipata. Sasa sisi? Tilapia wa Jipe yuko hatarini kutoweka, na ziwa ni letu. Tukimwacha aishe, tutakuwa tunasifu kazi ya mtu huku tukiifuta.