Midimu, Mchezo wa Kuigiza wa Nchi ya Makonde



Mtu akitaja mchezo wa kuigiza, wengi hufikiri nyumba kubwa yenye jukwaa na pazia, na mlangoni mtu wa kupokea fedha. Fikira hiyo si mbaya, lakini ni nyembamba. Hapa kwetu Lisekese, na katika nchi yote itokayo Masasi mpaka Newala, ikateremka hata pwani ya Lindi na Mtwara, watu walikuwa na mchezo wao zamani sana. Haukuwa na nyumba wala mlango, wala hapakuwa na mtu aliyekaa akihesabu faida. Leo nataka kueleza jinsi ulivyolishwa, maana jambo hilo ndilo lililougeuza baadaye.

Wamakonde wa upande wetu huuita midimu. Ndugu zao walio ng'ambo ya mto Ruvuma huuita mapiko. Mchezaji hujifunika nguo mwili mzima, hata vidole visionekane, akavaa kinyago cha mti usoni. Kule Msumbiji kinyago huvikwa kichwani kama chungu, na mara nyingi hupachikwa nywele za kweli za mtu. Kwetu hufunika uso tu. Wengine hucheza juu ya magongo marefu, wakawa warefu kuliko paa la nyumba. Tena yuko mwanamume avaaye kinyago cha mwili, chenye maziwa na tumbo la mwanamke mja mzito, kilichochongwa katika ubao mmoja na kutiwa chale za Kimakonde. Huyo hutembea polepole, mkono kiunoni, na kina mama wanaomtazama hucheka kuliko watu wote, maana wao ndio wajuao kama ameiga vema.

Lakini midimu si kichekesho tu. Hutoka vijana wanapomaliza jando na wasichana wanapotolewa unyagoni. Wanawake na watoto waliambiwa kwamba aliye ndani ya kinyago si mtu bali ni mzimu uliotoka makaburini. Kijana aliyekwisha tahiriwa ndiye aliyeonyeshwa siri, akaapizwa asiitoe. Je, kina mama walisadiki kweli? Mimi nadhani wengi walijua, wakanyamaza kwa adabu. Mchezo wo wote wahitaji watazamaji wanaokubali kutojua.

Mwaka wa 1906 alifika mtaalamu Mjerumani, Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig. Alishuka Lindi, akaenda Masasi, kisha akapanda Newala na Mahuta. Vita vya Majimaji vilikuwa havijapoa. Alichukua mashine ya kunasa sauti na mashine ya picha zinazokwenda, akanasa nyimbo na ngoma za watu wetu, akanunua na vinyago vingi. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1908. Basi ajabu ni hii, kwamba miongoni mwa picha za kwanza zinazokwenda zilizopigwa katika nchi hii zimo ngoma za kijiji cha kusini, nazo zilikwenda Ulaya kabla wenyewe hawajajua sinema ni nini.

Sasa tuangalie gharama. Mtu asidhani kwamba mchezo usio na tikiti hauna gharama. Huko juu Newala maji yalikuwa shida kubwa. Wanawake waliteremka mabondeni kuyateka na kupanda nayo kichwani. Wageni mia wakija ngomani, lazima wanywe na wale. Ndiyo sababu sherehe zilingoja mavuno. Wazazi wa vijana walitoa nafaka, kuku na pombe. Wapigaji walileta ngoma zao, pamoja na zile ndogo zenye ncha zinazochomekwa ardhini. Mchongaji alipewa kitu kwa kazi yake. Mwaka wa njaa, watoto walingoja mwaka mwingine. Hivyo kijiji chenyewe kilikuwa mlipaji, mchezaji na hakimu. Mchezaji mvivu hakulaumiwa gazetini. Aliimbwa kisimani mwaka mzima.

Pwani nako kulikuwa na jambo lililofanana. Beni ilianza mwambao wa Kenya mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya vita vya 1914 hadi 1918 askari waliorudi makwao waliieneza mpaka bara. Marini na Arinoti walishindana kwa gwaride na mavazi, wakajipa vyeo vya kijeshi na vya kizungu. Wazee wengi waliwacheka, wakisema ni kuiga tu. Lakini chama hicho kilichanga fedha, kikamzika mwanachama aliyekufa mbali na kwao, kikampokea mgeni asiye na ndugu. Sioni kwamba hilo ni jambo la kuchekwa.

Misheni ya Masasi ilianzishwa mwaka wa 1876, na watu waliokombolewa utumwani walikuja kutoka Unguja kukaa hapo. Kwa miaka mingi mapadre walizikataa ngoma zote pamoja. Padre Vincent Lucas, aliyepata kuwa Askofu wa Masasi mwaka wa 1926, alifanya vingine: mwaka wa 1913 jando la Kikristo lilifanywa, kwa shauri la mapadre na wazee Waafrika wenyewe. Mila ilibaki, sala zikaingia, na mambo yaliyoonekana mabaya yakatolewa. Lililotolewa na lililobaki liligombaniwa miaka mingi, na naona ni haki ligombaniwe.

Baada ya uhuru Serikali iliunda kundi la ngoma la taifa. Sindimba, ngoma ya Wamakonde, ikachezwa nchi nzima, mashuleni na mbele ya wageni wa heshima. Mwaka wa 1981 Chuo cha Sanaa kilifunguliwa Bagamoyo, na mwaka wa 2007 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Hapo mji mdogo wa pwani ulipata jukwaa la kweli, na vijana wa makabila mengi wakafundishwa ngoma za wenzao. Faida yake ni kubwa. Hasara yake ni kwamba ngoma ya usiku kucha ilifupishwa, na mtazamaji hakuwa tena mama wa kijana.

Vinyago navyo vilisafiri. Mwaka wa 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata jumba la Barbier-Mueller la Geneva lilikinunua Paris. Mwaka wa 1990 kilitambuliwa, na mashauri yakachukua miaka ishirini; kilirudishwa nchini mwezi wa Mei 2010.

Wakati huo kazi nyingine ilikuwa imeanza Mtwara. Mwaka wa 2008 chama kisichotafuta faida kilianzisha tamasha liitwalo MaKuYa, jina lililotungwa kutokana na Makonde, Makua na Yao. Vikundi vya vijijini viliitwa mjini, kila kimoja na ngoma zake, midimu ikiwamo. Mzee aliyezoea kucheza mbele ya jamaa zake alijikuta mbele ya umati usiojua kabisa kijana gani ametoka jando. Hapo ndipo penye swali gumu la chama kama hicho. Kikitegemea wafadhili, mfadhili akichoka ngoma hulala. Kikitegemea mlango, maskini hubaki nje. Na kikirudi katika njia ya kale, hungoja mavuno. Siku hizi mavuno ya kusini ni korosho, na bei yake ikianguka hata sherehe za vijijini hupungua. Bei ikiwa njema, ukipita barabara ya Newala baada ya miezi ya mauzo utasikia ngoma usiku, na hapana atakayekuuliza tikiti.