Stokes: Msafirishaji wa mizigo aliyemrejesha Kabaka, akanyongwa Kongo

KABLA ya kujengwa kwa reli, bidhaa za pwani zilifika Usukuma na Buganda vichwani na mabegani mwa wapagazi. Miongoni mwa waliojenga biashara kubwa juu ya mabega hayo alikuwa Charles Henry Stokes, aliyezaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1852.

Stokes aliwasili Afrika Mashariki mwaka 1878 akiwa mtumishi wa shirika la kimisionari la CMS. Hakuwa padri, kazi yake ilikuwa kuongoza misafara. Mkewe Ellen alifariki mwaka 1884 baada ya kujifungua, na mwaka uliofuata akamwoa Limi, ndugu wa Mtemi Mtinginya wa Usongo, Unyamwezi. Ndoa hiyo iliwaudhi wamisionari, naye akaachana nao na kufanya biashara kwa jina lake.

Hapo ndipo ilipokuwa siri ya mafanikio yake. Mpagazi mmoja alibeba takriban kilo 30, hivyo tani moja ilihitaji zaidi ya watu 30, posho yao ya njiani na hongo kwa watemi waliopitiwa. Mkwe wa Mtinginya alipata wapagazi kwa urahisi ambao Wazungu wengine hawakuwa nao. Nchini Marekani, William Fargo, mwasisi mwenza wa American Express, alitegemea farasi na reli, na kuanzia mwaka 1862 alikuwa meya wa Buffalo. Stokes hakuchaguliwa na yeyote, lakini siasa zake zilikuwa nzito zaidi.

Mwaka 1888 Kabaka Mwanga wa Buganda alipinduliwa, akakimbilia kusini mwa Ziwa Victoria. Alifikia Magu, eneo lisilo mbali na Kalemela ya leo mkoani Simiyu, mikononi mwa wafanyabiashara Waarabu, kisha akahamia kwa mapadri wa Bukumbi. Mwaka 1889 Stokes alimpakia katika mashua yake na kumvusha hadi Buganda, pamoja na bunduki. Vita vilikwenda mbele na kurudi nyuma, na mwaka 1890 Mwanga alikalia kiti chake.

Mwaka huohuo Stokes aliingia katika utumishi wa Wajerumani, akafanya mapatano na Waarabu wa Tabora yaliyowezesha bendera yao kupandishwa huko. Hata hivyo, hakukaa nao sana. Pembe za ndovu na baruti zilikuwa na faida kubwa kuliko mshahara.

Faida hiyo ilimpeleka Kongo. Huko Kapteni Hubert Lothaire, ofisa wa Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II, alimtuhumu kuwauzia silaha Waarabu waliokuwa wakipigana na dola hiyo. Alihukumiwa bila wakili, akanyimwa haki ya kukata rufaa, na Januari 15, 1895 akanyongwa Lindi, Kongo (si Lindi yetu ya kusini).

Uingereza na Ujerumani zilikuja juu. Dola ya Kongo ililipa faranga 150,000 kwa Uingereza na 100,000 kwa Ujerumani. Wakongo waliouawa kwa ajili ya pembe za ndovu na mpira hawakuwa wamezusha kelele ya kiasi hicho, ingawa ni kesi hii iliyowafanya Waingereza wengi waanze kuitazama Kongo kwa shaka. Lothaire aliachiwa huru mwaka 1896, kwanza Boma kisha Brussels. Baadaye alirejea Kongo, safari hii akiwa mkurugenzi wa kampuni ya mpira.