Sarufi na Ngano: Jinsi Lugha na Fasihi Zilivyotengana Katika Masomo ya Sekondari ya Juu

Mwezi wa Machi 2024 Serikali ya Tanzania ilitangaza tahasusi 65 za Kidato cha Tano, na 49 kati ya hizo zilikuwa mpya. Miongoni mwa hizo mpya imo ile ya Historia, Jiografia na Fasihi ya Kiswahili. Kabla ya hapo kijana wa Dutumi, mpakani mwa Kibaha na Kisarawe, akipenda masomo ya namna hii alichagua Kiswahili, basi. Somo lilikuwa moja lenye karatasi mbili za mtihani, ya kwanza ya lugha na ya pili ya fasihi, naye alizifanya zote mbili apende asipende. Sasa yampasa kuamua angali mdogo kama ataifuata lugha au ataifuata fasihi. Sikusudii kumchagulia. Nataka kuonyesha mgawanyo huu umetoka wapi, kwa kuwa wengi hudhani ulikuwako tangu mwanzo, nao haukuwako.

Habari yenyewe haitoki mbali na Dutumi. Upande wa Kisarawe ipo Shule ya Minaki, ambayo asili yake ni Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, Unguja, kilichohamishiwa bara na misheni ya UMCA katika miaka ya 1920. Misheni hiyo ndiyo iliyomleta Edward Steere Unguja mwaka 1864. Mwaka 1870 Steere alitoa vitabu viwili: kimoja cha sarufi ya Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja, na cha pili cha ngano zilizosimuliwa na wenyeji wa huko. Mtu mmoja, mwaka mmoja. Mwenye kuvisoma pamoja haoni kazi mbili. Ngano zilimpa sentensi zilizotamkwa na watu kwa nia ya kusimulia, si kwa nia ya kumfundisha mgeni, na sarufi isiyo na sentensi za namna hiyo ni mifupa mitupu.

Aliyefuata ni A. C. Madan. Mwaka 1887 alichapisha, kwa tafsiri ya Kiingereza, habari zilizoandikwa na wavulana wa shule za misheni juu ya maisha na safari zao. Wengi wao walikuwa wameokolewa utumwani. Kisha zikaja kamusi zake, ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894, na ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903. Hapa tena msomi wa maneno ndiye aliyekuwa mpokeaji wa hadithi. (Historia ya isimu yetu humtaja Madan kila mara, na wale wavulana huwapita kimya.)

Basi farakano lilianzia wapi? Lilianzia juu, katika vyuo vikuu, likashuka. Mwaka 1968, huko Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai Idara ya Kiingereza ivunjwe. Jambo linalosahauliwa ni kwamba walitaka mahali pake iwekwe idara moja ya fasihi na lugha za Kiafrika. Walichokipata ni Idara ya Fasihi, nazo lugha zikaenda kukaa na isimu katika idara nyingine. Dar es Salaam, Idara ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 1970 ilizibeba taaluma zote mbili, lakini ndani yake walimu walijipanga kila mmoja upande wake. Hapana budi nikiri kwamba mimi ni mtu wa isimu, nami nimewahi kumwambia mwanafunzi kwamba swali lake juu ya shairi si la chumba changu. Wanafunzi wa namna hiyo ndio waliokwenda kuwa walimu wa Kidato cha Tano.

Tuchukue Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utenzi wa Kiamu ambao W. Hichens aliuhariri mwaka 1939. Msomaji asiyejua kwamba *mato* ya Lamu ndiyo *macho* ya Unguja, na kwamba *ndia* ndiyo *njia*, ataweka maneno hayo katika orodha ya mambo magumu ya kukariri. Asipojua wakati timilifu wa kale wenye kiishio *-ile*, ataliona tendo lakini hatajua limekwisha au halijesha. Hesabu ya mizani nayo ni hesabu ya silabi, na silabi ni mali ya fonolojia. Kwa upande wa pili, mwanaisimu anayetaka kuijua historia ya kiishio hicho, pamoja na lahaja zinazokihifadhi mpaka leo, hana shahidi wa kale aliye bora kuliko tenzi. Kanuni atakazozitunga bila tenzi zitakuwa za Kiswahili cha jana tu.

Sisemi kwamba tahasusi mpya ni kosa. Saa za fasihi katika somo lile la zamani zilikuwa chache mno, na nimepokea chuoni vijana waliosoma muhtasari wa tamthilia badala ya tamthilia yenyewe. Somo linalojitegemea laweza kuliondoa hilo. Lakini mwalimu wa Fasihi ya Kiswahili akiuacha wakati wa *-ile* kwa kuwa ni kazi ya mwalimu wa jirani, na yule wa jirani akauacha kwa kuwa hafundishi tenzi, kijana wetu wa Dutumi hataupata popote.